Mafuta ya jikoni na damu ya mwilini: Panya wanatufundisha nini?



Ndugu msomaji wa safu hii ya afya na usafi, wiki hii tunaanza na swali la mama mmoja wa Mungaa, mkoani Singida. Anasema mumewe ameambiwa na daktari kwamba ana sukari, na miaka michache kabla yake wifi yake naye alikutwa na maradhi hayo hayo. Kwenye ukoo wanasema hiyo ni ya kurithi, basi hakuna la kufanya ila kungoja nani atafuata. Lakini binti yake anayesoma sekondari amemwambia kuwa wataalamu waliwalisha panya chakula chenye mafuta mengi, damu yao ikabadilika, na hata jeni zao zikabadilika. Mama huyu ana watoto wanne, na mpishi wa nyumba ni yeye. Anauliza: “Je, tatizo ni ukoo wa mume wangu, au ni sufuria yangu?”

Swali hili si la mama huyu peke yake. Zamani chakula cha kawaida cha Mungaa kilikuwa ugali wa uwele au mtama, mlenda, kunde na maziwa ya mgando. Kuku alichinjwa siku ya mgeni. Leo asubuhi ni chai na maandazi, mchana wali uliokolea mafuta, jioni chipsi za kijiweni. Ikifika Ramadhani, futari haikamiliki bila sambusa, bagia na kachori. Katika maisha ya mtu mmoja tu, chungu kimegeuka. Ni haki ya mama kuuliza chungu hicho kinafanya nini ndani ya damu ya wanawe.

Jibu la mkato ni hili: ukoo una sehemu yake na sufuria ina sehemu yake. Ukoo hatuwezi kuubadilisha. Sufuria tunaweza. Sasa tufuatane hatua kwa hatua tuone wataalamu walifikaje hapo.

KWA NINI PANYA?

Mara nyingi panya tunamtaja kama adui wa ghala na mchafuzi wa chakula. Panya wa maabara ni habari nyingine. Huyu ni panya mdogo aliyezaliwa kwenye kizimba kisafi, chakula chake kinapimwa kwa gramu, na wazazi wake wanajulikana vizazi na vizazi. Anaishi miaka miwili au mitatu tu, kwa hiyo jambo ambalo kwa binadamu huchukua miaka 20 kuonekana, kwake huonekana katika miezi michache. Aidha, mwaka 2002 wanasayansi wa mataifa mbalimbali walipochapisha ramani ya vinasaba vya panya, ilionekana kwamba karibu kila jeni aliyonayo panya ina mwenzake kwa binadamu.

Panya anayetumika sana katika utafiti wa mafuta ni mweusi, na uzao wake ulianzishwa Marekani mwaka 1921 na mtaalamu aitwaye Clarence Cook Little. Uzao huo hujulikana kwa jina la C57BL/6. Chakula chake cha kawaida kina mafuta kidogo, kiasi kwamba katika kila sehemu 100 za nguvu anazopata, sehemu 10 hivi ndizo zinazotoka kwenye mafuta. Katika utafiti wa mafuta mengi, sehemu hizo hupandishwa hadi 45 au hata 60. Panya dume aliyeanza akiwa na gramu ishirini na kitu huweza kufika gramu 40 na zaidi baada ya wiki 12 hadi 16.

Mara nyingi mafuta wanayowekewa panya hao ni ya nguruwe. Hapo baadhi yetu tunaweza kupumua na kusema: “Alhamdulillah, hayo hayatuhusu.” Tusiharakishe. Kinachowadhuru panya hao si jina la mnyama aliyetoa mafuta. Ni wingi wa mafuta, na hasa yale ya aina inayoganda yakipoa. Mafuta ya aina hiyo yamo pia katika shahamu ya ng'ombe, mkia wa kondoo, samli, tui la nazi na mafuta ya mawese. Uhalali wa chakula ni jambo moja, na kiasi chake ni jambo jingine. Nyama ya mbuzi aliyechinjwa kwa sheria inaweza kuwa halali kabisa na bado ikamdhuru mtu anayekula mafuta yake kila siku bila kipimo.

DAMU INABADILIKAJE?

Mwaka 1988 Richard Surwit na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalisha panya wa uzao ule mweusi chakula chenye mafuta mengi. Panya wakanenepa, sukari katika damu yao ikapanda, na insulini nayo ikapanda. Insulini, ndugu msomaji, ni ile homoni inayotoka kwenye kongosho na kufungua mlango ili sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli. Panya hao walikuwa na insulini nyingi kuliko kawaida, lakini milango ikawa haifunguki vizuri. Hali hiyo huitwa usugu wa insulini. Ndiyo njia ile ile inayompeleka binadamu kwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi.

Badiliko la pili lipo kwenye ini. Mafuta yanayozidi uwezo wa mwili kuyahifadhi chini ya ngozi na tumboni hujazana kwenye ini, na ini lililojaa mafuta humwaga mafuta zaidi kwenye damu.

Badiliko la tatu ndilo lililowashangaza wataalamu. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalionyesha kwamba ndani ya mafuta ya panya wanene kulikuwa na chembe nyingi za kinga, zile ambazo kazi yake ni kula vijidudu na taka. Hapakuwa na kidonda wala ugonjwa wa kuambukiza, lakini askari wa mwili walikuwa wamekusanyika wakitoa silaha zao. Mwaka 2007 Patrice Cani na wenzake wa Ubelgiji na Ufaransa walionyesha sababu mojawapo. Baada ya wiki nne tu za chakula chenye mafuta mengi, sumu itokanayo na maganda ya bakteria wa utumbo iliongezeka mara mbili hadi tatu katika damu ya panya. Mafuta mengi yalikuwa yamedhoofisha ukuta wa utumbo, na taka za bakteria zikapenya.

Vita hivyo vya ndani havina homa wala maumivu. Mnyama anakula, anatembea, anaonekana mwenye siha. Lakini silaha za askari hao, zikimwagwa siku baada ya siku, huharibu kuta za mishipa ya damu na huzidi kuifanya milango ya insulini iwe migumu. Ndiyo maana mtu anaweza kujiona mzima kabisa hadi siku anapopimwa.

JE, JENI ZINABADILIKA?

Hapa ndipo binti wa Mungaa alipomtia mama yake hofu, na ndipo panapohitaji maelezo ya utulivu.

Fikiria jiko la mama mwenye vyungu vingi. Kipo cha ugali, cha mboga, cha maharage, cha uji. Vyungu ni vile vile mwaka mzima. Kinachobadilika ni chungu kipi kimetelekwa motoni na kipi kimefunikwa pembeni. Jeni zetu ni kama vyungu hivyo. Tumezaliwa nazo, na kula sambusa hakuzivunji wala hakuzigeuzi kuwa nyingine. Lakini chakula kina uwezo wa kuamua jeni ipi iwashiwe moto na ipi izimwe.

Kwa panya anayelishwa mafuta mengi, wataalamu wanapopima ini lake hukuta jeni nyingi zinazohusika na kutengeneza na kuhifadhi mafuta zikifanya kazi kupita kiasi. Wakipima mafuta ya tumboni hukuta jeni za askari wa kinga zimewashwa. Mfano mzuri ni jeni iitwayo ob, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York. Jeni hiyo hutengeneza homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo: “Akiba ipo, acha kula.” Panya mnene kwa sababu ya chakula ana leptini nyingi kwenye damu, lakini ubongo wake hauisikii tena ipasavyo. Ni kama adhana inayosikika kwa aliye macho, huku aliyelala fofofo haimfikii. Ndiyo sababu mojawapo inayomfanya mtu aliyenenepa aone njaa ingawa akiba anayo tele.

Basi jibu kwa binti ni hili: jeni hazikubadilika maandishi yake. Kilichobadilika ni kazi yake. Na habari njema ni kwamba chungu kilichotelekwa kinaweza kuteguliwa.

TUSIMFANYE PANYA KUWA BINADAMU

Ni uadilifu kueleza na mipaka ya habari hizi. Kwanza, panya kwa asili hubeba sehemu kubwa ya lehemu, yaani kolesteroli, katika ile aina nzuri isiyoziba mishipa, tofauti na binadamu. Mishipa yake haizibi kwa urahisi. Mwaka 1992 watafiti walilazimika kuiondoa jeni moja ya panya iitwayo apoE ndipo wapate panya anayeziba mishipa kama sisi. Pili, chakula cha maabara chenye asilimia 60 ya mafuta ni zaidi ya anachokula karibu mtu yeyote, na mara nyingi hakina nyuzinyuzi kama zilizomo kwenye nafaka isiyokobolewa na mboga za majani.

Tatu, hata panya wenyewe hawafanani. Katika utafiti ule wa 1988, uzao mwingine wa panya uitwao A/J ulilishwa chakula hicho hicho, na haukupata sukari kama wenzao weusi. Hapo ndugu msomaji pana jibu la nusu ya swali la mama yetu. Chungu kimoja, wali mmoja, lakini mmoja akadhurika na mwingine akasalimika, kwa sababu ya tofauti za kuzaliwa. Ukoo kweli una neno lake. Lakini panya wale weusi wenye udhaifu wa kuzaliwa, walipobaki kwenye chakula chao cha kawaida, hawakupata madhara yale. Udhaifu ulikuwepo, ila haukuchokozwa.

TUJE KWETU TANZANIA

Ya panya yangebaki maabara kama yasingeonekana kwa watu. Bahati nzuri, utafiti mkubwa wa jambo hili kwa binadamu umefanyika hapa hapa nchini, mkoani Kilimanjaro, kwa ushirikiano wa wataalamu wa KCMC Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, akiwemo Mtanzania Godfrey Temba.

Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya kuwapima Watanzania 323 wenye afya, wengine wakaazi wa mjini na wengine wa vijijini. Damu ya watu wa mjini ilionyesha hali ya vita vya ndani kuliko ya wenzao wa vijijini, na ilionekana katika protini za kinga na katika kazi za jeni pia. Kisha walichukua maji ya damu ya wakaazi wa mjini na kuyaweka pamoja na chembe za kinga maabara. Chembe hizo zikawa na hasira zaidi zilipochokozwa na vijidudu. Tofauti hiyo waliihusisha na vitu vinavyoelea katika damu, vikiwemo vinavyotokana na chakula.

Mwaka 2025 walichapisha jaribio la hatua inayofuata. Vijana wa kiume 77 wenye afya walishiriki. Kundi la wanakijiji waliozoea chakula cha asili walipewa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa kimagharibi, kama vile chipsi, mkate mweupe na soseji. Kundi la watu wa mjini waliozoea vyakula hivyo walipewa kwa wiki mbili chakula cha asili cha Kilimanjaro chenye mboga za majani, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa. Wiki mbili tu! Wale wa kwanza, damu yao ilisogea kwenye hali ya vita vya ndani, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu kuitikia zilipokutanishwa na vijidudu. Wale wa pili, vita vilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Katika utafiti huo lilikuwepo pia kundi jingine lililopewa mbege. Hiyo ni kilevi na haituhusu, na hatuihitaji kufikia hoja yetu, kwa kuwa kundi la chakula cha asili lilipata nafuu kwa chakula chenyewe.

Tuwe waangalifu hapa pia. Chakula cha kimagharibi hakina mafuta peke yake. Kina unga uliokobolewa, chumvi na sukari, na kinakosa nyuzinyuzi na mboga. Hatuwezi kulitwisha tone la mafuta kosa lote. Lakini njia iliyoonekana kwa panya na iliyoonekana Kilimanjaro zinafanana mno kupuuzwa: damu hubadilika mapema, kazi za jeni hubadilika, na mwenye mwili hajui.

Angalia na hesabu za nchi. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watu katika vijiji sita vya Tanzania, na wenye kisukari hawakufika mmoja katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 9 katika kila 100 wana kisukari, na karibu mmoja katika wanne ana shinikizo la damu. Tafiti hizi mbili hazikuchagua watu kwa namna moja, kwa hiyo hazilinganishwi kama mizani ya dukani. Hata hivyo, ukoo wa Watanzania haukubadilika katika miaka 23. Kilichobadilika ni maisha na chungu.

“MBONA WAMASAI?”

Wapo watakaouliza: mbona Wamasai wanakunywa maziwa na kula nyama na mafuta, na hatusikii habari zao? Swali zuri, na lilishaulizwa. Mwaka 1964 daktari wa Kimarekani George Mann na wenzake walichapisha habari za Wamasai wa Tanganyika, na kweli walikuta lehemu katika damu yao ipo chini licha ya maziwa na nyama. Lakini hao walikuwa watu wanaotembea mchana kutwa nyuma ya ng'ombe, hawakuwa wakila maandazi na soda, na wala hawakuwa wanene. Mwaka 1972 Mann alichapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Mafuta kwenye kuta za mishipa yalikuwepo, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, jambo ambalo yeye alilihusisha na mazoezi. Kwa hiyo anayetaka kula kama Mmasai wa zamani, na atembee kama yeye. Kula kama mfugaji na kukaa kama karani ni kujidanganya.

BABA NAYE AMO

Katika jamii yetu mtoto akiwa mnene au mgonjwa, lawama humwendea mama. Utafiti mmoja unatufanya tufikiri upya. Mwaka 2010 Margaret Morris na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliwalisha panya wakubwa wa kiume chakula chenye mafuta mengi, kisha wakawapandisha kwa majike waliokula chakula cha kawaida. Mabinti waliozaliwa, ingawa hawakulishwa mafuta mengi, walikuwa na kasoro katika kutoa insulini, na jeni 642 za sehemu ya kongosho inayotoa insulini zilikuwa zinafanya kazi tofauti na kawaida.

Hao ni panya, na kwa binadamu hatuwezi kufanya jaribio la namna hiyo, basi tusilitoe kama hukumu. Lakini baba anayesema “mimi nakula ninachotaka, watoto mwulize mama yao” apate la kutafakari. Na kijana anayetarajia kuoa ajue kwamba mwili wake ni amana kwake na kwa watakaokuja.

TURUDI JIKONI MUNGAA

Mama yetu wa Mungaa anaishi katika mkoa wenye neema. Singida inajulikana nchi nzima kwa alizeti, na mafuta ya alizeti ni miongoni mwa mafuta yenye sehemu ndogo ya yale yanayoganda, kama sehemu moja tu katika kumi. Mafuta ya mawese yana karibu nusu. Kwa hiyo kati ya alizeti na mawese, au alizeti na shahamu, alizeti ni chaguo bora kwa mishipa ya damu. Lakini mafuta ni mafuta. Gramu moja, iwe ya alizeti au ya samli, ina kalori 9, wakati gramu ya unga mkavu wa ugali ina 4 hivi. Uzuri wa alizeti hauhalalishi kuimwaga.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yote ya siku yasizidi sehemu 30 katika kila 100 za nguvu tunazopata kwenye chakula, na yale yanayoganda yasizidi 10. Nyumbani tutapimaje bila mizani? Tumia dumu. Siku unapofungua lita moja ya mafuta, andika tarehe juu yake. Kwa familia ya watu sita, lita ikidumu wiki nzima, kila mtu amekula wastani wa vijiko viwili vya chakula hafifu kwa siku, karibu kalori 200. Ikiisha kwa siku tatu, kila mtu amekula karibu kalori 460 za mafuta ya dumu peke yake, ambazo kwa mtu anayehitaji 2,000 kwa siku ni sehemu 23 katika 100. Hapo hujahesabu nyama, maziwa, karanga wala maandazi ya kununua. Tarehe ya kwenye dumu haisemi uongo.

Baada ya kujua kipimo chako, fuata haya:

Kwanza, rudisha ugali wa uwele na mtama, mlenda, kunde na maharage katika siku za kawaida za wiki. Hiki si chakula cha umaskini. Ni cha jamii moja na kile kilichotuliza damu ya vijana wa Kilimanjaro.

Pili, pima mafuta kwa kijiko. Usimimine kutoka kwenye dumu. Mkono unaomimina hauna breki.

Tatu, usirudie kukaangia mafuta yale yale siku baada ya siku. Mafuta yakishakuwa meusi, mazito na yenye harufu kali, yameharibika na yanatoa vitu vyenye madhara. Chuja, yatumie tena mara chache tu, kisha yaache. Na wauzaji wa chipsi na sambusa mlio Waislamu, jueni kwamba mteja hayaoni mafuta yenu, lakini Allah anayaona.

Nne, katika futari, anza kwa tende, maji na uji, kisha vitu vya kuchemsha kama viazi vitamu, mihogo, magimbi na maharage. Vya kukaanga viwe vya siku chache, na vipande vihesabike. Mwili uliofunga mchana kutwa haustahili kumwagiwa sufuria ya mafuta usiku. Mafundisho ya dini yetu ya kutojaza tumbo na kuepuka israfu ndiyo tiba ya kwanza ya maradhi haya, nayo hayauzwi duka la dawa.

Tano, kuku wa kienyeji wa Singida mchemshe, na mafuta yanayoelea juu ya mchuzi yaenguliwe kwa upawa. Nyama ya Idd iondolewe shahamu kabla ya kupikwa.

Sita, baba na mama wote wawili watembee kwa miguu, walime, wasikae kutwa.

Saba, nyumba yenye historia ya sukari, kama hii ya mama yetu, watu wazima wapimwe sukari na shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka bila kusubiri dalili. Mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa mara kwa mara au anayekonda bila sababu aende kupimwa mara moja. Na aliyekwishaandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameanza kula mlenda. Chakula na dawa hufanya kazi pamoja, na kabla ya kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake.

Basi mama yetu wa Mungaa, jibu la swali lako ni hili. Ukoo wa mumeo huenda umewapa wanao udhaifu, kama wale panya weusi. Sufuria yako haikuuleta udhaifu huo, kwa hiyo usijilaumu. Lakini sufuria yako ina uwezo wa kuuacha ulale. Anza na tarehe kwenye dumu, na umwambie binti yako akusaidie kuhesabu siku. Yeye ndiye aliyeleta habari za panya nyumbani, na yeye ndiye atakayepika kesho.

Wabillahi tawfiq.